Kichanganyi kidogo cha masafa mapana: eneo la chipu lihesabiwe wapi?

Karibu kila kipokezi cha redio, kiwe cha simu ya mkononi au cha rada ya meli, hutegemea kichanganyi, yaani sehemu inayokutanisha ishara iliyopokewa na ishara ya osileta ya ndani (sakiti inayotoa wimbi la masafa maalumu) ili ipatikane ishara ya tofauti yao, yenye masafa ya chini na rahisi kuchakatwa. Ugumu huanza pale msanifu anapotakiwa kuifanya kazi hiyo ndani ya chipu isiyofika milimita 2 kila upande, na bado ihudumie masafa mapana, tuseme gigahezi 6 hadi 18. Wasanifu wamegawanyika kambi mbili, na kwa maoni yangu kila kambi hujipendelea inapotaja udogo wa chipu yake.

Kambi ya kwanza hutumia pete ya dayodi nne za Schottky, yaani dayodi (vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja) zenye kasi kubwa, juu ya galiamu asenidi, nyenzo ya chipu inayotumika badala ya silikoni. Dayodi zenyewe ni ndogo mno. Kinachomeza nafasi ni balani mbili, ambazo kila moja huigawa ishara kuwa mbili zenye ukubwa sawa na awamu zinazopishana kwa nyuzi 180. Muundo unaotumika sana ni ule aliouonyesha Nathan Marchand mwaka 1944, wenye jozi mbili za njia za metali zilizo sambamba, kila jozi ikiwa na urefu wa robo ya wimbi. Kwenye gigahezi 12, katikati ya masafa yetu, robo ya wimbi hewani ni milimita 6.25, na juu ya galiamu asenidi hupungua hadi takriban milimita 2.2. Balani mbili zina jozi nne za namna hiyo, kwa hiyo karibu milimita 9 za njia lazima ziingie kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele.

Dawa iliyozoeleka ni kuzikunja njia hizo zizunguke kama koili ya kufukuzia mbu. Eneo hupungua sana, lakini mizunguko ikikaribiana huanza kuathiriana, mzunguko wa nje huwa mrefu kuliko wa ndani, na zile ishara mbili hazitoki tena sawasawa. Kosa linaloonekana dogo lina gharama kubwa: ukubwa wake ukitofautiana kwa desibeli 1 (kipimo cha uwiano wa nguvu) na awamu zikikosea kwa nyuzi 10, ishara ya osileta inayovuja hupunguzwa kwa desibeli 20 hivi tu, ilhali kwa tofauti ya desibeli 0.2 na nyuzi 2 ingepunguzwa kwa zaidi ya desibeli 33. Osileta ikisukuma miliwati 20, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa pete ya dayodi, kosa la kwanza huachia miliwati 0.2 kuelekea antena, na la pili huachia chini ya miliwati 0.01. Ndiyo maana picha ya chipu iliyobanwa vizuri hainishawishi mpaka nione vipimo vyake kwenye ncha za masafa, kwa sababu katikati karibu kila balani hufanya vizuri.

Kambi ya pili hutumia seli iliyoelezwa na Barrie Gilbert mwaka 1968, ambamo transista mbili za chini hugeuza ishara kuwa mkondo na nne za juu huupindua mkondo huo kwa mwendo wa osileta. Haihitaji njia za robo ya wimbi, hukaa vizuri kwenye silikoni, huridhika na msukumo mdogo wa osileta, na huikuza ishara, ilhali pete ya dayodi, hata ikiwa kamilifu, hupoteza karibu desibeli 3.9, na kwa kweli hupoteza 6 au zaidi. Lakini transista zilizopandana hugombania volti chache zilizopo, kelele huongezeka, na ishara kali ya jirani huzilemea zile mbili za chini mapema.

Sasa turudi kwenye eneo. Mwenye seli ya Gilbert hutaja eneo dogo sana, akisahau kwamba antena nyingi hutoa ishara moja, si jozi ambayo seli hiyo huitaka, hivyo balani iliyofukuzwa ndani ya chipu inamsubiri nje. Mwenye dayodi naye hutaja eneo la pete na balani zake, akinyamazia kikuzi kinachotengeneza zile miliwati 20. Kikuzi hicho kikiwa na ufanisi wa asilimia 20, hula miliwati 100.

Kwa kifaa cha kupimia, chenye mlango mmoja wa kupokelea na ishara kali zisizotabirika, miliwati hizo 100 ningezilipa bila kinyongo na kubaki na dayodi, nikiipa balani nafasi ya kupumua hata kama chipu itakua kidogo. Kwa antena ya vipengele 16, kila kimoja kikiwa na kichanganyi chake na kikuzi chake, msukumo peke yake ungefika wati 1.6 zinazogeuka joto mahali pamoja. Hapo ningehamia silikoni, na eneo la balani ya nje ningeliandika kwenye hesabu ileile ya eneo la chipu.