Mchanga Mweupe wa Mtwara: Unazaliwa au Unaliwa?

Hoja ya mchoma chokaa wa Mikindani anayeokota matumbawe mfu ni nyepesi: jiwe limeshakufa, mchanga upo tele, bahari italeta mwingine. Mtu wa hifadhi humjibu kwamba mwamba ukishatoka haurudi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila vipande hivyo havilingani uzito.

Kweli, mchanga wa miambani hauletwi na mto. Huzaliwa palepale. Pono, samaki wa miambani, hukwangua mwamba akitafuta mwani, hulisaga jiwe kooni, kisha hulitoa nyuma likiwa mchanga. Halimeda, mwani wenye mwili wa chokaa, hufa na kuacha vibamba bapa vyeupe. Makombe huongeza vyao. Kwenye maingilio ya mto Ruvuma baharini mambo ni mengine, huko ni tope na mchanga wa kwatzi, madini magumu yasiyo na chokaa, kutoka bara.

Kuutambua mchanga wa miambani si kazi. Suuza mchanga kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe, pima gramu 5, umwagie siki. Chokaa itatoa mapovu na kuyeyuka, kwatzi itabaki. Wengi hukosea kwa kubania siki: gramu 5 za chokaa tupu zahitaji angalau mililita 120 za siki ya asilimia 5. Pungufu ya hapo siki huishiwa nguvu, nawe utadhani masalio ni mchanga wa mto.

Mchoma chokaa anakwama kwenye kasi. Tuseme kila mita ya mraba inazalisha kilo 1 ya chokaa kwa mwaka. Mchanga uliotulia una nafasi za maji karibu nusu ya ujazo wake, hivyo kilo hiyo huinua sakafu milimita 0.7 tu, tena kama bamvua, yaani maji makuu ya mwezi, halikusomba kitu. Nao usawa wa bahari duniani unapanda milimita 3 hadi 4 kwa mwaka, kasi ambayo mchanga huo hauifikii. Kwa hesabu hiyohiyo, lori la tani 7 ni mazao ya mwaka mzima ya eneo la uwanja wa mpira.

Na wingi wa mchanga unadanganya. Matumbawe yakifa, kama yalivyopauka kwa joto la 1998, mwani hutanda juu yake, pono hukwangua, sifongo, wanyama wa baharini wanaojichimbia mweleni, hutoboa, mwamba unasagika. Mchanga unaweza kuongezeka kwa miaka kadhaa huku mtaji ukiliwa. Jiwe mfu ndilo malighafi ya mchanga huo, na ndilo kiti cha matumbawe machanga, ambayo hayashiki kwenye kokoto zinazobingirika.

Kwa hiyo mtu wa hifadhi ana haki zaidi, ingawa jibu lake halijazi tumbo. Mawe ya matumbawe ya kale yapo nchi kavu, na chokaa hutoka vilevile. Lakini hayo hudai mtaimbo na siku nzima ya kuchimba, wakati ya baharini huokotwa maji yakitoka.