Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki

Kila bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini, watu wakapongezana sana. Mi sipingi, barabara naziona na umeme umefika hadi kijijini kwa bibi. Ila nimekulia Mwanza, nikisikia tu "ukuaji" akili inakimbilia ziwani.

Tulipokuwa wadogo mama alikuwa anatutuma mapanki. Kama hujakaa Kanda ya Ziwa, panki ni kile kinachobaki kiwandani sangara akishatolewa minofu, yaani kichwa, uti wa mgongo na vinyama vilivyong'ang'ania mbavuni. Yanaanikwa juani halafu yanakaangwa kwenye karai kubwa, na kichwa unakinyonya taratibu maana ndo penye utamu. Minofu yenyewe inapanda ndege inaenda Ulaya. Samaki kavuliwa usiku kucha na baba zetu, kwenye maji yaleyale tunayochota, halafu mifupa yake tunainunua kwa hela, na huko kwenye mahesabu ya nchi inaandikwa mauzo ya nje yamepanda.

Tena huyo sangara hakuwepo, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 60, akawala furu, vile visamaki vidogo vya asili ya ziwa, mpaka aina nyingi sana zikapotea. Hasara hiyo haikuandikwa kwenye pato la taifa. Miaka ya 90 viwanda vikajaa, ajira zikawepo kweli, siwezi kudanganya, kuna watu wamejenga na wamesomesha. Ila samaki hakui haraka eti kwa sababu kiwanda kina oda. Nyavu zikaongezeka, sangara wakazidi kuwa wadogo, ndo tukawekewa sheria ya kutovua aliye chini ya sentimita 50.

Na hela inagawanywaje? Mtumbwi wa tajiri, injini ya tajiri, nyavu za tajiri. Wakitia nanga inakatwa kwanza petroli, chakula na barafu, tajiri anachukua chake, ndo vijana walioloa usiku kucha wanagawana kilichobaki, na ziwa likichafuka wakazama aliyeko nchi kavu anapoteza chombo tu. Hata bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara ambacho China kinanunuliwa ghali kuliko minofu, mvuvi analiuza kwa bei anayotajiwa na mnunuzi, atabisha na nani?

Takwimu za serikali yenyewe zinasema umaskini ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, ukaja 26.4 mwaka 2017/18. Miaka 6 hiyo uchumi unakua kwa asilimia 6 hivi kila mwaka, halafu umaskini haujashuka hata pointi 2! Sasa kimekua cha nani jamani? Mi nataka siku waziri anasoma mauzo ya samaki asome na samaki waliobaki majini, asome na mgao wa yule kijana wa mtumbwini, hapo tutaongea lugha moja.

Juzi nimepita mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nikanunua mapanki ya elfu mbili, yakaenea kwenye kimfuko kidogo cheusi. Nikamuuliza mama muuzaji mbona machache hivi. Akanyanyua kichwa kimoja akakiweka kwenye kiganja changu, "mwanangu, si unaona walivyo wadogo siku hizi," akaendelea kugeuza mengine kwenye karai.