Bata Kaingiaje Hapo?

Jamani, mwenzenu nina ugonjwa. Wenzangu Jumamosi jioni wanaangalia mpira, mimi naangalia picha za Wamarekani waliokwisha kufa, nyeusi na nyeupe, zina mlio kama kuna mtu anakaanga vitumbua nyuma ya pazia. Ndugu wa Marx, wachekeshaji wa sinema. Groucho mwenye masharubu ya kujichora kwa rangi, Chico anayejifanya Mtaliano, Harpo asiyesema neno, na Zeppo, ambaye kazi yake mpaka leo sijaielewa. Nadhani hata mwenyewe hakuielewa, maana baada ya filamu ya 1933 aliacha.

Nawapenda. Tabu ni kwamba nawapenda peke yangu, na nyumba ina watu watatu na televisheni moja.

Juzi nikawawekea The Cocoanuts ya 1929, enzi hizo sauti ndiyo kwanza inaingia kwenye sinema. Nikaanza kwa mbwembwe: oneni hiyo ramani aliyoshika Groucho, imelowa chapachapa! Karatasi kavu ilikuwa inanguruma kwenye maikrofoni kama mvua juu ya bati, ikabidi wazilowanishe. Mama Shukuru akanitazama kama dalali anayemuuzia kiwanja chenye kesi.

Groucho anamwonyesha Chico daraja kwenye ramani, lile la kuvuka bonde. Sasa kwa Kiingereza jina la daraja hilo ukilisikia vibaya ni kama mtu anauliza "kwa nini bata?" Basi Chico anang'ang'ania: kwa nini bata, kwa nini si kuku? Mimi hoi kwa kicheko.

"Daraja limefanya nini?" mke wangu akauliza.

"Bata."

"Bata kaingiaje hapo?"

"Hajaingia. Ndiyo kichekesho chenyewe."

Kimya. Kisha akasema, "Wenzio wanakula bata, Baba Shukuru. Wewe unaeleza bata." Akacheka utani wake mwenyewe mpaka akajifuta machozi. Hicho ndicho kicheko pekee alichotoa usiku ule, na Groucho hakuhusika.

Halafu zile nyimbo! Unacheka, mbavu zinauma, mara wanatokea kijana mmoja na binti mmoja wanaimbiana mapenzi, macho yamelegea kama ya mbuzi aliyeshiba. Wakimaliza hao, Harpo anavuta kinubi. Akimaliza Harpo, Chico anakaa kwenye piano. Duck Soup ya 1933 haina kinubi wala piano ya kujionyesha, dakika 68 tu, ndiyo maana naipenda kuliko zote. Lakini wakahamia MGM, kampuni nyingine ya sinema, na mmoja wa mabosi wa huko, Irving Thalberg, akataka hadithi yenye mpangilio na wapendanao wa kuimbiana, kina mama nao waje sinema. Bwana Thalberg, nina ushahidi nyumbani kwangu: wimbo ukianza, mama anakwenda kuangalia maharage jikoni.

Tena kinachoniudhi zaidi ni kwamba picha hiyo ya kwanza ya MGM, A Night at the Opera ya 1935, ni nzuri. Groucho yupo mlangoni kwa chumba chake melini anaagiza chakula, Chico ndani anapiga kelele yaongezwe mayai mawili ya kuchemsha, Harpo anapiga honi, Groucho anasema basi yawe matatu. Kisha watu wanaanza kuingia kwenye kichumba kile: mafundi, wahudumu, mpaka binti wa kutengeneza kucha. Nikamgeukia Mama Shukuru, sasa atacheka!

"Hiyo si daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni?" akasema. "Konda angewaambia wasogee nyuma, kuna nafasi."

Wiki iliyofuata nikaweka A Day at the Races ya 1937. Nilisahau. Mle yupo Ivie Anderson, mwimbaji wa bendi ya Duke Ellington, ana sauti ya kukufanya uweke kikombe chini. Ndiyo mara pekee nimeona wimbo kwenye picha hizi nikataka urudiwe. Na hapo hapo wale ndugu zangu wanajipaka weusi usoni ili wajichanganye na watu weusi wasikamatwe. Shukuru akauliza, "Baba, mbona wamejipaka masizi?" Bata nilijaribu kumtafsiri. Hilo sikulijaribu. Nikazima, nikasema yuniti zinakwisha.

Siku tatu sikuwasha. Ya nne nikarudi kwa Duck Soup, kama mlevi aliyeapa. Harpo kavunja kioo, kavaa kama Groucho, anajifanya yeye ndiye kivuli cha Groucho kwenye kioo: huyu akiinama, yule anainama. Hakuna neno hata moja. Shukuru akacheka mpaka akabiringika kwenye mkeka, na jikoni hakuna aliyekwenda. Miaka ile watu walishindana kupata sauti, na aliyenisaidia mimi ni bubu!

Jumapili asubuhi Mama Shukuru akauliza kutoka jikoni, mayai mangapi? Nikasema mawili, ya kuchemsha. Nyuma ya mlango ikalia honi, pwaa! Honi ya baiskeli yangu, niliyokuwa naitafuta tangu Ijumaa.

"Haya," akajibu mke wangu, "matatu."