Ukiambiwa figo zinashuka, ulizia fistula mapema

Mtu akianza kusafishwa damu kwa mashine (dayalisisi) ndugu wote wanauliza mashine iko wapi na bei gani, mimi nauliza damu yake inapita wapi kufika kwenye mashine. Huku kwetu wengi wanaanza kwa dharura, kafika hospitali kavimba, anahema juujuu, potasiamu imepanda, anawekewa mpira wa shingoni wa kupitishia damu siku hiyohiyo. Sawa, hapo mpira unaokoa maisha, sina ubishi. Shida ni kwamba unakaa, miezi inapita bado uko shingoni, na ule ni mlango wa bakteria kuingia moja kwa moja kwenye damu, mgonjwa anaanza kutetemeka akiwa kwenye mashine, homa, antibayotiki, kulazwa tena, na mshipa mkubwa wa kifuani unaweza kusinyaa mpaka hata fistula ya baadaye ikagoma (si ile ya uzazi, hii ni mishipa miwili ya mkononi, ateri na vena, kuunganishwa ili sindano za mashine zichomwe hapo).

Historia yenyewe inaonyesha. Clyde Shields, mgonjwa wa figo wa Seattle, Marekani, alianza dayalisisi Machi 1960, mashine zilikuwepo tangu miaka ya 1940 ila kila wakiunganisha mshipa unaharibika, kwa hiyo mwenye figo zilizokufa kabisa hakuwa na safari ndefu. Yeye akawekewa kimrija cha Teflon kwenye mkono, wakawa wanakitumia tena na tena, akaishi miaka 11. Fistula ikatangazwa 1966 na mpaka leo ndo njia inayodumu zaidi kwa wengi na kuleta maambukizi machache.

Ila inataka wiki 6 au hata miezi kadhaa kukomaa kabla ya kuchomwa sindano, kwa hiyo ukisubiri mpaka mwili uvimbe, umechelewa. (Na mkono usioutumia kuandikia uulinde kwa ajili ya fistula, usikubali dripu wala kutolewa damu hapo hovyo.)

Kuna watakaosema kinachoua ni hela, na ni kweli kabisa. Kawaida dayalisisi ni mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara, lakini wangapi wanaweza? Kenya bima ya taifa ya NHIF ilikuwa inalipia mara 2, na wanaojilipia wenyewe wengine wanaenda wakipata. Siku zikipishana sana maji yanajaa, moyo unazidiwa, halafu mashine inalazimishwa kuvuta lita nyingi kwa mkupuo presha inaporomoka, na ugonjwa wa moyo ndo unaoongoza kuondoa watu wa dayalisisi. Lakini hiyohiyo hela kidogo tuliyonayo inaliwa na mpira, kila maambukizi ni kitanda, dawa na mpira mpya.

Ndo maana naomba kliniki za kisukari na presha, ambako hawa wagonjwa wanaonekana miaka kabla, mtu akifika hali ya figo kufanya kazi chini ya asilimia 20 na bado zinashuka atumwe kwa daktari wa mishipa hapohapo, na bima ilipie hiyo operesheni kabla mashine haijaanza.