Samaki anayekufa kiu majini

Kila nikipara samaki aina ya changu jikoni hakosi mtu wa kuniuliza: mbona samaki wa bahari tunamtia chumvi, ilhali maisha yake yote kaishi ndani yake? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukali wa chumvi katika damu ya changu ni kama theluthi tu ya ule wa bahari. Kwa hiyo bahari inamnyonya maji usiku na mchana. Yumo majini na ana kiu.

Dawa yake ni kuyanywa hayo hayo maji ya bahari. Chumvi inayoingia nayo lazima itolewe. Mwaka 1932 wanasayansi Keys na Willmer walieleza seli za kwenye matamvua ya mkunga zinazotoa chumvi nje, na tangu hapo matamvua ndiyo yanayosifiwa. (Papa kachagua njia yake: anahifadhi yurea, ile taka ya kwenye mkojo, mwilini mpaka damu ilingane na bahari. Ndiyo maana akilala hunuka kama choo.)

Mimi naona ngozi imedhulumiwa. Matamvua hayawezi kujifunga, maana samaki lazima apumue. Ngozi ndiyo inayofunga, kwa magamba na kwa ule ute unaotukera mikononi. Ingevuja nayo, matamvua yangezidiwa. Tena samaki akiwa ndiyo kwanza kaanguliwa, matamvua yake bado hayajakomaa; seli za kutoa chumvi zimetapakaa kwenye ngozi, hasa juu ya kifuko cha kiini cha yai. Ngozi huifanya kazi hiyo mpaka matamvua yawe tayari kuipokea.

Sasa nenda kwenye mabwawa ya kufugia samaki aina ya mwatiko huku pwani. Nimeona vifaranga wakishikwa kwa mikono mikavu, wakiburutwa kwenye nyavu zenye mafundo makali, kisha wakirundikwa ndooni. Kesho yake wanaelea, na lawama yote inapewa maji. Huenda siku nyingine ni kweli maji. Lakini pale magamba yalipobanduka ni tundu: maji ya mwili yanatoka, chumvi inaingia, na samaki anakauka huku amezama. Mara nyingi muuaji ni mkono wetu.

Loweka mikono kwanza. Tumia wavu laini usio na mafundo, na uwachote pamoja na maji yao. Na kwa kuwa mwatiko huvumilia hata maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, waliochubuka nisingewarudisha moja kwa moja kwenye chumvi kali. Ningewaweka kwanza kwenye maji yaliyopunguzwa chumvi, taratibu, mpaka ngozi ishike.