Miaka Sabini ya Kifungoni Imehesabiwa na Nani?

Wiki iliyopita mjomba wangu alituma katika kundi la WhatsApp la familia picha ya aligeta aliyeachama kinywa, ikiwa na maelezo kwamba porini mnyama huyo huishi miaka 30 hadi 50 ilhali kifungoni hufika 70 na kupita. Chini yake yeye mwenyewe akaongeza kwamba hata mnyama anajua kuwa kutunzwa ni bora kuliko kuhangaika. Nilimjibu kwa adabu, shikamoo ikitangulia, lakini jibu la adabu kwa mjomba halina budi kuwa fupi, na mimi nilikuwa na mengi. (Atakayenikumbusha kwamba kwa Kiswahili huyu naye ni mamba tu, na aniwie radhi: mamba wa Rufiji ni wa jamaa nyingine, na hapa nazungumzia yule wa Marekani mwenye pua pana.)

Sina ugomvi na tarakimu zenyewe, kwa maana ndizo zinazotajwa kila mahali. Ugomvi wangu ni kuziweka katika mizani moja kana kwamba zimepatikana kwa njia moja. Umri wa aligeta wa kifungoni tunaujua kwa sababu kuna mtu aliyeandika tarehe. Muja, aligeta wa bustani ya wanyama ya Belgrade, Serbia, anajulikana kuwa mkongwe kwa kuwa iliandikwa kwamba alifika pale mwaka 1937, akaponea mabomu ya 1941 na ya 1944 yaliyowaua wanyama wengi wa bustani hiyo. Saturn, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1936, akapelekwa Berlin na hatimaye Moscow, alikufa Mei 2020 akiwa na miaka kama 84, na hesabu hiyo nayo inasimama juu ya makaratasi. Sasa nionyesheni karani aliyekaa kwenye vinamasi vya Louisiana mwaka huo wa 1936, akisubiri mayai yaanguliwe ili aandike majina.

Porini umri hukisiwa. Njia mojawapo ni kuhesabu pete za ukuaji ndani ya mifupa, jinsi tunavyohesabu pete za mti uliokatwa. Lakini mfupa wa mnyama mzee hujila kutoka ndani, na pete za utotoni hutoweka. Kwa majike mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu huchota madini ya mifupa yao wenyewe ili kutengeneza maganda ya mayai. Hivyo basi, kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo ushahidi wa uzee wake unavyofutika, nasi tunachukua upungufu huo wa kumbukumbu na kuuita upungufu wa maisha! Njia iliyo bora ni kuwatia alama na kuwarudia mwaka baada ya mwaka, kama walivyofanya watafiti wa South Carolina kwa zaidi ya miaka 30, wakagundua kwamba aligeta hufika ukubwa fulani akaacha kukua, huku majike yakiendelea kutaga kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo hata ule usemi kwamba urefu wake hutaja umri wake ni wa kuutilia shaka.

Tena kuna bunduki. Aligeta aliwindwa kwa ajili ya ngozi hadi serikali ya Marekani ikamweka mwaka 1967 katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na hakuondolewa humo mpaka 1987. Ngozi kubwa ndiyo yenye bei. Wazee wanauawa, kisha tunashangaa kutowaona wazee.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba matunzo yana faida. Kitoto cha aligeta porini huliwa na rakuni (mnyama mdogo wa porini wa Marekani), korongo, samaki wakubwa na hata aligeta wenzake, na wengi hawafiki utu uzima. Na Muja alipopata donda ndugu mwaka 2012, madaktari walimkata mguu wa mbele akapona. Hata hivyo, vinamasini wapo aligeta wanaoishi na miguu iliyokatika ambao hawajawahi kumwona daktari, kwa kuwa damu yao ina nguvu ya ajabu ya kupambana na vijidudu.

Mjomba amesoma hayo yote na kunijibu kwa neno moja, “Saturn”, akidhani amenikamata. Basi na tumwangalie huyo huyo Saturn. Bustani ya Berlin ilipopigwa mabomu Novemba 1943 alitoweka, na askari wa Kiingereza hawakumpata hadi 1946. Kwa karibu miaka mitatu hakuna anayejua alijificha wapi, alikula nini, wala alistahimili vipi baridi ya mji ule uliobomoka. Miaka hiyo nayo imo katika 84 ambazo mjomba anaziita za kutunzwa.