Panya, Mazombi na Namba Moja: Ujiji Inampanga Michael Jackson

Kijiweni kwetu Ujiji, pale kahawa inapouzwa na kashata, kuna kipande cha boksi la sabuni kimechomekwa kati ya mbao mbili za benchi. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: MICHAEL, KUMI BORA. Namba zimepangwa kumi, zilizojazwa ni sita, na ile ya kwanza imefutwa na kuandikwa upya mpaka boksi limetoboka.

Ubishi ulianza Juni 25, tarehe aliyofariki Michael Jackson mwaka 2009. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na spika yake ya bluetooth, akapiga "Thriller", akatangaza kwamba huo ndio wimbo bora wa Michael na asiyekubali aende akanywe chai. Mstaafu mmoja wa reli, ambaye wote tunamwita babu, akasogeza kikombe pembeni.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe umeangalia. Hujasikiliza."

Nimekaa na kauli hiyo wiki kadhaa sasa, na naona ndimo ulimo ugomvi wote. Watu hawagombani kwa sababu masikio yao yanatofautiana. Wanagombana kwa sababu nyimbo zilezile ziliwafikia kwa njia tofauti, na kila mmoja anadhani njia yake ndiyo wimbo wenyewe.

Chukua huo huo "Thriller". Filamu yake, ya dakika karibu 14, aliyoiongoza John Landis, ilitoka Desemba 1983. Sasa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Huku mwisho wa reli wimbo ulifika ukiwa sauti tupu, kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ubavuni imeandikwa "Maiko" kwa mkono. Babu anasimulia kwamba mara ya kwanza alisikia mlango unalia, nyayo zinatembea, mbwa wanabweka kwa mbali, akaitoa kanda kwenye redio akaizungusha kwa kalamu, akijua imeharibika. Mazombi yenyewe aliyaona miaka mingi baadaye kwenye kibanda cha video, na anakiri yalimchekesha. Kijana wa bodaboda yeye alianza na mazombi. Alizaliwa yapo, kwenye simu. Wimbo kwake ni koti jekundu na mabega yanayopanda na kushuka. Ukimwondolea picha, umemwondolea nusu ya kitu anachokisifia.

Waliodhani takwimu zitawaamulia waliingia kwa kishindo. Fundi simu wa jirani alifungua simu yake akaanza kutusomea: albamu ya Thriller, iliyotoka Novemba 1982, ndiyo iliyouzwa kuliko zote duniani. Nyimbo zake saba kati ya tisa ziliingia kumi bora Marekani. Usiku wa Grammy mwaka 1984 Michael aliondoka na tuzo nane. Kijana akapiga makofi. Fundi akaendelea kusoma, na hapo ndipo alipomharibia. Wimbo wenyewe wa "Thriller" uliishia nafasi ya nne kwenye chati ya Billboard. "Smooth Criminal", ambao vijana wote wanauweka tatu bora, uliishia ya saba. Lakini mwaka 1972, Michael akiwa na umri wa miaka 14, kuna wimbo wake ulioshika namba moja kabisa. Wimbo gani? "Ben".

Babu akatabasamu, maana "Ben" ni wake. Kwa miaka hamsini amekuwa akiuhesabu kuwa wimbo wa rafiki aliyesafiri asirudi. Fundi akasoma mbele: ulitungwa kwa ajili ya filamu ya mtoto na rafiki yake panya.

"Panya?"

"Panya, babu."

Kijiwe kilicheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Lakini ukitulia, mzaha huo ulikuwa na jambo. Kwa hesabu za chati, panya anayapiga mazombi. Na kwa hesabu hizohizo "You Are Not Alone" wa mwaka 1995 ungetakiwa kukaa juu kabisa, maana ndio wimbo wa kwanza katika historia kuingia chati ya Billboard Hot 100 moja kwa moja nafasi ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeutaja. Mama mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara alisema angeuandika, ila aliyeutunga, R. Kelly, anatumikia kifungo Marekani, na yeye hataki kumwona kwenye boksi.

Hapo palitokea kimya kidogo, kwa sababu kila mtu alijua swali linalofuata. Michael mwenyewe alishitakiwa kwa kuwadhulumu watoto. Juni 2005 baraza la mahakama lilimwachia kwa mashitaka yote, na mwaka 2019 filamu ya simulizi za wanaume wawili ililifufua jambo lile. Sisi tumeendelea kumpanga. Mtu mmoja aliondoka bila kuandika namba yoyote, na simwoni kuwa ametukosea heshima.

Tatizo jingine la chati ni kwamba zinahesabu kilichouzwa, na kilichouzwa kwao. "Earth Song" haukutolewa Marekani kama wimbo wa kujitegemea, hivyo kwenye chati za huko haupo. Uingereza ulikaa namba moja wiki sita, kuanzia Desemba 1995. Nani amepiga hesabu ya Kigoma? Kanda moja ya dukani ilishuka stesheni ikazaa nyingine zisizo na idadi, zikavuka ziwa, zikapanda hadi Kasulu, na hakuna hata moja iliyosomeka kwenye daftari la mtu. Kwa hiyo anayeniletea takwimu kama hakimu, namshukuru kwa kunifundisha habari za panya, kisha naziweka kando.

Hoja ya macho ndiyo nzito, na babu hakuipa haki yake. Kijana, alipoona takwimu zimemsaliti, alijitetea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema: nyinyi wazee mnaupenda "Billie Jean" kwa sababu ni wa masikio, si ndiyo? Haya. Ulipata lini kuwa wimbo wa dunia nzima? Machi 1983, kwenye sherehe za miaka 25 ya kampuni ya muziki ya Motown, zilizoonyeshwa kwenye televisheni Mei mwaka ule, ndipo Michael alipoteleza kinyumenyume kwa mara ya kwanza mbele ya watu, ile munwoki. Na usiku ule hakuimba kwa sauti yake ya papo kwa papo. Ilipigwa sauti ya kwenye rekodi, yeye akachezesha midomo. Watu walipigia kelele miguu.

Ni kweli. Tena lugha yetu yenyewe inamuunga mkono. Ngoma kwetu ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, na ni shughuli nzima ya watu waliokusanyika, hatukuwahi kuvitenga. Vijana wakisema leo "hii ngoma kali", wakimaanisha wimbo, hawajaharibu neno kama wengine tunavyolalamika. Wamelirudisha nyumbani. Mtu aliyekaa kwenye uwanja wa ngoma akafumba macho ili asikie vizuri, hata hapa Uha tungemwuliza kama anaumwa. Kwa kipimo hicho, kumhukumu Michael kwa sikio peke yake ni kumpunguza.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa babu, kwa sababu moja. Picha inaweza kuubeba wimbo dhaifu ukaonekana mkubwa, lakini siku umeme umekatika picha inabaki gizani na wimbo unabaki na redio ya betri. Tulifanya jaribio palepale kijiweni. Spika ikawekwa juu ya benchi, simu ikafunikwa kwa kofia ili mtu asichungulie. "Thriller" ulipopigwa, watu walisikiliza dakika ya kwanza, kisha wakaanza kuhadithiana video. Ulipopigwa "Billie Jean", hakuna aliyehadithia kitu. Ile dramu inaanza peke yake, kavu, haina haraka. Gitaa la besi linaingia kama mtu anayezunguka nyumba kutafuta mlango. Na sauti ya mwimbaji inachelewa. Prodyuza wake, Quincy Jones, alitaka utangulizi ule ufupishwe. Michael akakataa, akasema ndio unaomfanya atake kucheza. Kucheza kumo ndani ya sauti kabla mguu haujanyanyuka, na ndiyo maana hata aliyefumba macho anacheza.

Nikawaambia pia habari moja ya pembeni, nikijua nitampata babu. Aliyepiga dramu ile ni Leon Chancler, ambaye wanamuziki wenzake walimjua kwa jina la Ndugu. Ndugu Chancler. Babu akasimama. Zama zake za kazi kila mtu alikuwa Ndugu: Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mkuu wa Stesheni. "Kumbe hata huko walikuwa na wetu," akasema, na akaandika "Billie Jean" kwenye namba moja kwa nguvu, ndipo boksi lilipotoboka.

Kilichobaki ndicho kigumu zaidi, nacho ni suala la miaka. Michael alitoka na ndugu zake kwenye "I Want You Back" mwaka 1969 akiwa na miaka 11. Albamu yake ya mwisho akiwa hai, Invincible, ilitoka mwaka 2001 akiwa na miaka 43. Yule mtoto wa "I'll Be There" na yule mtu mzima anayefoka kwenye "They Don't Care About Us" wanashea jina tu. Fundi simu alipendekeza orodha nne, kila muongo na yake. Pendekezo la busara, na likakataliwa mara moja, kwa sababu lingemaliza ubishi. Ila nadhani walilikataa kwa haki. Ukitenganisha miongo, kila mtu anabaki kwake: babu na miaka ya sabini, mama mgahawa na tisini yake ya "Heal the World", kijana na chochote ambacho simu imemletea jana. Orodha moja inamlazimisha kijana kuisikiliza "Rock with You", na inamlazimisha babu kukubali kwamba baada ya mwaka 1991 mtu yule hakufa. Babu alikataa kata kata. Kwake muziki wa Michael unaishia kwenye albamu ya Dangerous, na mwaka unaofuata, 1992, ndio alipokuja Dar es Salaam akaonana na Rais Mwinyi. "Treni ya Kigoma ilikuwepo," anasema kila mara, "hakupanda." Sijui kama anatania.

Kuna wimbo mmoja ambao ungekosa nafasi kwenye orodha yoyote ya Wamarekani, na hapa umekaa namba tatu bila mtu kuupinga. "Liberian Girl", kutoka albamu ya Bad ya mwaka 1987. Marekani hawakuutoa hata kama wimbo wa kujitegemea. Lakini unaanza na sauti ya mwanamke, Letta Mbulu wa Afrika Kusini, akisema kwa Kiswahili: nakupenda pia, nakutaka pia. Kwamba msichana wa Liberia hazungumzi Kiswahili, hilo tulishalisamehe zamani. Mama mgahawa anakumbuka alivyousikia mara ya kwanza akiwa binti, redioni, akakimbia kumwita dada yake uani kwamba Maiko anaongea na sisi. Je, hiyo ni sifa ya wimbo au ni sifa yetu sisi? Kijana wa bodaboda aliuliza hivyo, na ni swali zuri kuliko yote aliyouliza. Mzani wa haki ungesema wimbo usipewe alama kwa sababu ya maneno mawili ya lugha yangu. Mimi nimeupa, sijutii. Wao walimpa Michael alama kwa chati zao.

Siku ya mwisho niliyokuwa pale tuliupiga tena, safari hii polepole, kwa sababu fundi aligundua kwamba kwenye maneno yaliyochapishwa na albamu neno la mwisho la ile sehemu ya Kiswahili limeandikwa "mpenziwe", limeungana. Babu alisema ni "mpenzi we", mwanamke anamwita mtu wake. Mama mgahawa akasema kama limeungana basi ni mpenzi wa mtu mwingine, na wimbo mzima umebadilika. Na hilo "nakutaka", akaongeza, huku Ujiji mtu anayekutaka ni wa kukudai. Tulirudisha mwanzo mara tano, sita, sekunde zilezile chache, spika karibu na sikio.

Muuza kahawa naye alikuwa amelichomoa boksi anapepea jiko. Namba saba bado haina kitu, na upande wa kumi umeanza kuungua.